Nusu ya Somo: Ujasiriamali Vyuoni na Usimamizi Uliosahaulika

Chukua andiko la biashara la wanafunzi wa mwaka wa mwisho, fungua ukurasa wa makadirio ya fedha. Mara nyingi utakuta kuku. Kuku wa nyama 500, banda la kukodi, vifaranga vimenunuliwa, chakula kimepigiwa hesabu, na wiki ya sita wote 500 wanauzwa siku moja, bei moja, kwa fedha taslimu. Hakuna aliyekufa kwa kideri, hakuna mwenye baa aliyebeba kuku 60 akasema "njoo Ijumaa", hakuna mjomba aliyepita kuomba wawili wa sikukuu. Mwaka wa pili kuku wanakuwa 1,000, wa tatu 2,000. Kikundi kimepata A.

Wanafunzi hawana kosa. Waliagizwa waandike mpango, wameuandika, na mhadhiri mwenye rundo la maandiko mezani hana muda wa kuuliza kuku wangapi walikufa. Lakini andiko hilo linaonyesha somo zima lilivyo kwetu. Leo ni shida kupata chuo Tanzania, kiwe cha uuguzi, uhandisi au kilimo, kisichogusa ujasiriamali mahali fulani katika mtaala wake, na wapo wanaousomea hadi stashahada na shahada. Kwa wanaousomea hasa, ujasiriamali huandamana na mwenzake, usimamizi wa biashara ndogo. Ule wa kwanza ni wa kuanza: kuona fursa, kubuni wazo, kutafuta mtaji, kuthubutu. Huu wa pili ni wa kubaki: kununua, kupanga bei, kukopesha na kudai, kuandika, kulipa kodi, kumwajiri binamu na siku nyingine kumwondoa. Hoja yangu ni kwamba wa kwanza tumeuachia jukwaa lote, ilhali wa pili ndio ambao darasa linauweza.

Chanzo kiko katika njia ambayo somo lilipitia kuingia vyuoni. Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1965, nchi ilipohitaji wananchi wenye elimu ya kushika biashara. Miaka miwili baadaye likaja Azimio la Arusha, na msomi wa biashara akawa ofisa wa shirika la umma au wa ushirika. Mwaka huohuo wa 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, lakini kujitegemea huko kulikuwa kwa shamba la shule na kijiji, si kwa duka la mtu. Duka la mtu lilitazamwa kwa jicho la pembeni. Operesheni Maduka ya 1976 ilikusudia kuondoa maduka binafsi vijijini ili yashike ya ushirika, na sheria ya Nguvu Kazi ya 1983 ikawafanya wachuuzi wengi wa mjini wahesabike wazururaji wa kurudishwa shambani. Kichekesho ni kwamba miaka hiyohiyo mshahara ulikuwa haufiki katikati ya mwezi, na watumishi wale wale waliokuwa wakihubiri ujamaa mchana walikuwa na banda la kuku nyuma ya nyumba, na mama mwenye nyumba anauza vitumbua asubuhi. Watu walijifunza biashara ndogo kwa njaa, bila mtaala.

Kisha upepo ukageuka. Mageuzi ya uchumi yalianza 1986, miaka ya 1990 watumishi wakapunguzwa, mashirika yakauzwa, na serikali ikaacha kumpangia kazi kila mhitimu. Kenya ilikuwa imekwisha kuutambua uchumi wa jua kali na kuliingiza somo la ujasiriamali katika vyuo vya ufundi mwanzoni mwa muongo huo. Kwetu Sera ya Maendeleo ya Viwanda Vidogo na Biashara Ndogo ilitoka 2003, na Desemba 2018 Rais Magufuli aligawa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, vikienda kwa watu wa aina ileile waliokuwa wakikimbizwa na migambo. Katika safari hiyo somo liliingia vyuoni likiwa limepewa kazi ya kisiasa kabla ya ile ya kitaaluma, nayo ni kumwambia kijana asisubiri ajira. Anayebisha asikilize hotuba za mahafali. Mgeni rasmi, ambaye kwa kawaida ni mwajiriwa wa serikali tangu ujana wake, huwaambia wahitimu wakajiajiri.

Kazi hiyo ndiyo iliyoamua somo lifundishwe vipi. Ukitaka kumwondolea mtu hofu ya kuanza, utamweleza sifa za mjasiriamali: anathubutu, hakati tamaa, ana maono. Utamletea visa vya mabilionea. Mtihani utauliza, "Taja na ueleze sifa saba za mjasiriamali." Kijana anazikariri zote saba na anafaulu, kisha anakwenda kufungua duka la vipodozi akiwa hajui kwamba fremu ya mjini hulipiwa kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mpigo, na nyingine kwanza zina kilemba, ile fedha ya kumwachia anayeondoka. Nusu ya mtaji imeishia kwenye kuta kabla ya kununua chupa moja ya losheni.

Tuangalie hasa ni nini kinachoiua biashara ndogo, kwa mfano mdogo kuliko wote. Mama anakaanga maandazi 80 kwa siku na kuyauza shilingi 200 kila moja. Unga, sukari, mafuta na hamira, tuseme, vimemgharimu 9,000. Kichwani hesabu ni rahisi: mauzo 16,000, faida 7,000. Lakini mkaa ni 2,000 na bodaboda ya kwenda kununua unga ni 1,000. Maandazi manane yameliwa na watoto kabla ya shule. Kumi yamechukuliwa kwa mkopo na mafundi wa jirani, watalipa wakilipwa. Aliyoyauza kwa fedha ni 62, sawa na 12,400. Toa 12,000 alizotumia: mkononi zimebaki shilingi 400, na shilingi 2,000 ziko kwa mafundi. Hapo hajajilipa, na alfajiri ya kesho anahitaji 9,000 za malighafi. Ikifika jioni akatoa 3,000 za mboga, mtaji umeshaanza kukatika, na yeye anaamini ametoa kwenye faida. Wiki mbili baadaye atasema biashara ina chuma ulete, ule uchawi wa kuvuta fedha za watu.

Hesabu hiyo haihitaji maono wala ujasiri. Inahitaji daftari lenye safu nne na mtu wa kumwonyesha namna ya kulijaza: kilichoingia, kilichotoka, kilichokopeshwa, kilicholiwa. Hii inafundishika, tena kwa ubao na chaki. Na ina thamani inayohesabika kwa shilingi. Kwa viwango vya kodi ya wafanyabiashara wadogo vilivyopitishwa na Bunge mwaka 2019, mwenye mauzo kati ya milioni 4 na milioni 7 kwa mwaka asiyetunza kumbukumbu alitakiwa kulipa 100,000. Mwenye kumbukumbu alilipa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4. Mauzo ya milioni 5, yaani chini kidogo ya 14,000 kwa siku, yanamweka mama wa maandazi hapohapo. Akiwa na daftari analipa 30,000, na asipokuwa nalo 100,000. Tofauti ya 70,000 ni malighafi ya karibu siku nane. Sijui somo gani la "maono" linaweza kumpa mtu faida ya haraka namna hiyo.

Vitabu vya kiada vingi haviko hapo. Sera yetu ya 2003 inaiita biashara kuwa ndogo sana ikiwa na watu wasiozidi wanne na mtaji usiozidi milioni 5, na kuwa ndogo ikiwa na watu 5 hadi 49 na mtaji usiozidi milioni 200. Vitabu vinavyotoka Marekani na Uingereza vikisema biashara ndogo vinamaanisha kampuni yenye idara ya rasilimali watu, mhasibu na bima. Mwanafunzi anajifunza kuandaa taarifa ya mtiririko wa fedha ya kampuni hiyo, kwa Kiingereza, na hajawahi kuonyeshwa ukurasa mmoja wa daftari la madeni la duka la Manzese. Mali kauli, utaratibu wa kuchukua mzigo kwa neno tu na kulipa ukishauza, ndiyo benki ya wafanyabiashara wengi wa Kariakoo, lakini sijaona sura ya kitabu inayoeleza anayeomba mali kauli anapimwa vipi, anapewa siku ngapi, na nini kinatokea akikosa kulipa mara ya kwanza. Mhadhiri anayafahamu hayo. Wengi wao wana mradi pembeni, na asubuhi wamepita kuangalia mabanda. Wakiingia darasani wanavua mradi na kuvaa kitabu.

Je, mafunzo yenyewe yanasaidia? Swali hili limepimwa vizuri kuliko wengi wanavyodhani, na kimoja cha vipimo bora kilifanyika Dar es Salaam. Mwaka 2008 watafiti kutoka Norway, Berge, Bjorvatn na Tungodden, waliwachukua wakopaji wa PRIDE Tanzania, taasisi ya mikopo midogo, wakawagawa kwa bahati nasibu. Baadhi walipewa masomo ya biashara, vipindi 21 vya dakika 45 kila kimoja, yakifundishwa na Kituo cha Ujasiriamali cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wengine walipewa ruzuku ndogo ya fedha. Masomo yaliinua biashara za wanaume. Fedha peke yake haikufanya mengi. Kwa wanawake, hata masomo hayakuleta badiliko kubwa.

Tuseme kweli, tokeo hilo la mwisho lingetakiwa kuwanyima usingizi wanaotunga mitaala. Wanawake hawakuwa wazito wa kuelewa. Biashara ya mwanamke wengi wetu tunaijua ilivyofungwa: anafungua baada ya kuandaa watoto, anafunga mapema awahi jikoni, faida yake ndiyo ada na dawa, na mume akijua imekua huacha kutoa hela ya kula. Somo linalomwambia apanue biashara bila kugusa mambo hayo linazungumza na mtu mwingine. Darasa haliwezi kumbadilisha mume, lakini linaweza kufundisha mambo ambayo wanawake wenyewe wameyabuni kwa sababu hiyohiyo: vikoba, upatu, kuweka mtaji katika mzigo ili usiwe fedha ya kuombwa. Badala yake vikoba hutajwa darasani kama hatua ya chini ya mtu asiyefika benki.

Ushahidi wa kwingineko unazidi kuleta picha isiyo ya upande mmoja. Kule Lomé, Togo, wafanyabiashara 1,500 walifuatiliwa baada ya mafunzo, na matokeo yakachapishwa katika jarida la Science mwaka 2017. Waliofundishwa biashara kwa mtindo wa kawaida, yaani hesabu, masoko na fedha, faida yao ilipanda kwa asilimia 11, kiasi ambacho kitakwimu hakitofautiki na bahati. Waliofundishwa kujituma, yaani kutangulia tatizo, kutafuta la kwao na kutoiga jirani, walipanda kwa asilimia 30. Mtu anaweza kusema hapo hoja yangu imevunjika, kwa kuwa ni tabia iliyoshinda, na daftari limeshindwa. Nimelitafakari hilo. Kinachonizuia kukubali moja kwa moja ni kwamba wale 1,500 tayari walikuwa na biashara. Walifundishwa kujituma ndani ya kazi wanayoijua, kwa mazoezi juu ya biashara zao wenyewe. Hakuna aliyewasomea orodha ya sifa saba. Tena utafiti wa Jamhuri ya Dominika ulionyesha kwamba hata hesabu hutegemea zinavyofundishwa: wafanyabiashara waliopewa kanuni nyepesi, kama ile ya kutenga fedha ya biashara na ya nyumbani, waliboresha utunzaji wa hesabu zao, na waliofundishwa uhasibu kamili hawakubadilika.

Kwa wanafunzi wa vyuo hasa, mifano miwili inatosha. Tunisia mwaka 2009 iliwaruhusu wanafunzi wa mwaka wa mwisho kuandika mpango wa biashara badala ya tasnifu, wakisaidiwa na walimu na makocha. Waliojiajiri waliongezeka kidogo mno, na idadi ya wenye kazi kwa jumla haikubadilika. Uganda, katika Chuo Kikuu cha Makerere na kingine cha jirani, wanafunzi walipewa njia tofauti: makundi yalipewa mtaji wa dola 100 hivi, yaanze biashara ya kweli wakati kozi ikiendelea kwa wiki 12, kisha yarudishe mtaji. Baada ya mwaka, waliopitia kozi hiyo walikuwa wameanzisha biashara zaidi ya wenzao. Na kuhusu lile andiko la kuku, Nigeria iliwahi kuendesha shindano kubwa la mipango ya biashara kuanzia 2011, washindi 1,200 wakipewa wastani wa dola 50,000. Fedha ilisaidia sana. Lakini watafiti walipolinganisha alama za majaji na hatima ya biashara zilizoshinda, alama hazikutabiri chochote cha maana. Sisi mipango ya namna hiyo ndiyo tunayoipa A.

Chuo kina mshindani ambaye hakitaki kumtaja, naye ni duka la ndugu. Wakinga kutoka Makete wanafahamika kwa hilo hadi Mbeya na Kariakoo: kijana anachukuliwa kijijini, anakaa dukani kwa ndugu au kwa mtu wa kwao kwa miaka, anafagia, anabeba mzigo, anauza, anatumwa kununua, na siku bosi akiridhika anampa mtaji au mzigo wa kuanzia. Waigbo wa Nigeria wana utaratibu unaofanana nao, nao umeandikiwa sana. Ndani ya miaka hiyo kijana anapata vitu vitatu kwa pamoja: ujuzi, mtaji na jina la kupatia mali kauli. Chuo kinatoa sehemu tu ya kimoja. Mhitimu mwenye stashahada anaanza akiwa na cheti, mara nyingi na deni la Bodi ya Mikopo, na hakuna muuza jumla anayemjua.

Nisije nikaonekana naliremba duka la ndugu. Wapo wanaokaa miaka saba wakila na kulala tu, kisha kutolewa kwa tuhuma za wizi mwezi ambao walitakiwa kupewa chao. Hakuna mkataba. Wasichana huchukuliwa kwa uchache. Na anayelelewa hapo hujifunza biashara moja kwa njia moja. Njia hiyo ikipitwa, kwa mfano wateja wakihamia kununua kwa simu, hana pa kushika. Chuo kinamshinda bosi wa Kariakoo katika mambo ambayo bosi mwenyewe hayajui vizuri: kusajili jina la biashara BRELA, kutofautisha faida na fedha iliyopo droo, kusoma mkataba wa pango, kukokotoa riba halisi ya mikopo ya kausha damu, ile inayotajwa kwa wiki ili isitishe. Mtu anayekopa 100,000 na kurejesha 120,000 ndani ya mwezi huambiwa ni asilimia 20. Akiendelea hivyo mwaka mzima amelipa riba ya 240,000 juu ya laki moja ileile.

Mikopo isiyo na riba ipo. Halmashauri zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Serikali iliisimamisha Aprili 2023 baada ya kasoro nyingi katika utoaji na urejeshaji, ikaanza tena 2024. Hata hapo mwombaji hudaiwa andiko, na andiko la kuku hurudi likiwa na nakala ya kitambulisho cha NIDA.

Na wanafunzi? Wengi hawajasubiri kufundishwa. Bumu, ile fedha ya kujikimu ya mkopo, likitoka, hosteli zinageuka soko: wigi, marashi, viatu vya mtumba, vocha, chapati za chumba namba fulani, vyote vikitangazwa kwenye status za WhatsApp. Nimeona binti wa mwaka wa pili anauza nguo za ndani kwa mali kauli kutoka kwa muuza jumla ambaye hajawahi kuonana naye uso kwa uso. Aliunganishwa na winga, yaani dalali wa mtaani, na dhamana yake ni kutokosea hata siku moja tarehe ya kutuma fedha. Alikuwa akisoma moduli ya ujasiriamali muhula uleule. Andiko la kikundi chake lilihusu kiwanda cha kusindika maembe. Hakuna aliyemuuliza kuhusu nguo, naye hakuona kama zinahusiana na somo.

Kama ningepewa moduli hiyo niibadili, ningeliondoa andiko lisiwe mtihani wa mwisho. Mahali pake kila mwanafunzi angetunza daftari la biashara moja halisi kwa muhula mmoja: ya kwake, ya mama yake, ya mama lishe wa getini. Wiki 15 za kuingia na kutoka, madeni, vilivyooza, vilivyoliwa. Mwishoni angeeleza biashara hiyo inapata faida au inakula mtaji, na angependekeza jambo moja la kubadili, likajaribiwa kabla ya muhula kuisha. Alama zisitolewe kwa faida, kwa sababu atakayejua hivyo atapika hesabu. Zitolewe kwa ukamilifu wa daftari na kwa kulitetea mbele ya mtu anayefanya biashara ya aina hiyo. Muuza kuku akimuuliza walikufa wangapi, awe na jibu na tarehe.

Vikwazo vipo, na si vya fedha tu. Mhadhiri hupandishwa cheo kwa makala anazochapisha. Madaftari 200 ya kusahihisha hayamwongezei kitu, na darasa la watu 200 haligawanyiki lenyewe. Mtaala mpya wa sekondari ulioanza 2024 unaopeleka elimu ya biashara na mkondo wa amali chini zaidi utahitaji walimu maelfu wa somo hili, na watatoka katika madarasa hayahaya ya sifa saba. Kigumu kuliko vyote ni mwenye biashara mwenyewe. Mama lishe atamkaribisha mwanafunzi kula, atamruhusu hata kuosha vyombo, lakini akiona anaandika mauzo ya siku atataka kujua karatasi hiyo inakwenda kwa nani. Chuo kinachotaka kufundisha usimamizi wa biashara ndogo kwa kutumia biashara zenyewe itabidi kiwe na jibu la maandishi, lenye muhuri, kwamba haiendi TRA wala halmashauri. Kisha kilishike neno hilo miaka kadhaa mfululizo, maana muhuri wa mwaka wa kwanza hakuna atakayeuamini.